Unapanga likizo Zanzibar? Angalia maji ya bahari kabla ya kulipia chumba

Watu wamechanga hela miezi kadhaa. Wamechagua hoteli kwa picha nzuri mtandaoni, wamevuka, wamefika, wamelala. Asubuhi wanatoka na taulo begani, bahari haipo. Mbele yao ni mchanga mtupu, vidimbwi, majani, na akina mama wanaotembea kwenda kwenye mashamba ya mwani. Maji yako kule mbali, kwenye mstari mweupe wa mawimbi.

Hoteli haijadanganya. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, na hakuna aliyeuliza saa. Kwa familia yenye siku tatu tu za likizo, kosa hilo linaweza kula nusu ya safari.

Wengi wakisema "naenda Zanzibar" wanamaanisha Unguja, kisiwa kikubwa chenye urefu wa kama kilomita 85. Ni kisiwa kimoja, lakini pwani zake hazifanani. Wasafiri wengi huanza na chumba, halafu tarehe, halafu mengine watajua hukohuko. Mpangilio unaookoa hela ni mwingine: upande wa kisiwa kwanza, tarehe pili, chumba tatu, na malipo mwisho kabisa.

Kwa nini bahari inakimbia

Maji ya Bahari ya Hindi kwenye pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya siku moja. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Unguja inaweza kukaribia mita 4. Hiyo ni zaidi ya kimo cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine.

Upande wa mashariki wa kisiwa, mbele ya ufukwe kuna mwamba mrefu wa matumbawe ulio mbali na nchi kavu. Kati ya mwamba na ufukwe maji ni ya kina kifupi. Yakipwa, eneo hilo lote hubaki karibu kavu, na mtu anaweza kutembea mamia ya mita bila maji kumfika magotini.

Upande wa kaskazini magharibi hali ni tofauti. Ufukwe unaingia kwenye kina haraka, kwa hiyo hata maji yakipwa, hatua chache tu mtu anaogelea.

Kila upande una tabia yake

Nungwi na Kendwa, kaskazini. Huku ndiko kwa mtu anayetaka kuogelea saa yoyote bila kuhesabu maji. Kendwa inaangalia magharibi, kwa hiyo machweo ni ya uhakika. Ubaya wake ni watu wengi, muziki wa usiku na bei za juu. Jambo la kuangalia: Nungwi ina pande mbili. Hoteli zilizo upande wa mashariki wa kijiji maji yao hukimbia kama kawaida ya mashariki, ingawa anwani inasema Nungwi ileile.

Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa na Uroa, mashariki. Fukwe ndefu, mchanga mweupe, utulivu. Matemwe iko karibu na kisiwa cha Mnemba, sehemu maarufu ya kutazama samaki na matumbawe. Kiwengwa ina hoteli kubwa zilizokaa mbalimbali, na mgeni asiye na usafiri anaweza kujikuta anakula hotelini asubuhi, mchana na jioni kwa bei ya hotelini.

Paje, Bwejuu na Jambiani, kusini mashariki. Bei zina nafuu, kuna gesti ndogo, migahawa ya kijijini na vijana wengi. Paje ni makao ya mchezo wa kuteleza majini kwa tiara kubwa. Kwa mpenda mchezo huo ni peponi. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, msimu wa upepo kamba na tiara hujaa ufukweni, bora asogee Jambiani au Bwejuu. Anayetaka machweo akiwa upande huu aangalie Michamvi Kae, ambayo inaitazama ghuba ya Chwaka, yaani magharibi.

Mji Mkongwe. Hapa mtu haji kuogelea. Anakuja kwa historia, vichochoro, milango ya nakshi, urojo na chakula cha usiku Forodhani. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ni pazuri kwa usiku wa kwanza au wa mwisho kwa sababu ni karibu na bandari. Lakini gari haliingii kwenye vichochoro vingi, mizigo hubebwa kwa mkono, na nyumba nyingi za zamani zina ngazi kali. Anayesafiri na mzee aombe chumba cha chini.

Mwezi unasema maji yatakuwa wapi

Wavuvi wa Unguja hawahitaji programu ya simu kujua maji. Wanahesabu mwezi, na mgeni naye anaweza.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Kwa kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, ni maji mafu. Hapo maji hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wageni wengi hawalijui. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa asubuhi, na jioni hupungua bila kwenda mbali.

Maana yake ni nini kwa mtu mwenye tiketi mkononi? Anayelala mashariki wakati wa mwezi mpevu asitegemee kuogelea asubuhi. Bahari yake ni ya kuanzia saa nane mchana. Anayelala palepale wakati wa mwezi nusu atapata maji karibu siku nzima.

Saa za maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo yakipwa saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, Jumatatu yatapwa kwenye saa sita na nusu mchana. Jedwali la maji la kila siku linapatikana bure mtandaoni kwa kutafuta maji kujaa na kupwa Zanzibar pamoja na tarehe ya safari. Picha moja ya skrini inatosha kupanga safari nzima.

Maji kupwa nayo yana raha yake. Ndiyo saa ya kuona mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara pwani ya mashariki mwaka 1989 na kinachofanywa zaidi na wanawake. Ndiyo saa ya mafungu ya mchanga, kama lile la Nakupenda karibu na mji, ambalo maji yakijaa hupotea lote. Na mgahawa maarufu wa The Rock kule Michamvi Pingwe umekaa juu ya jiwe: maji yakipwa mteja anakwenda kwa miguu, yakijaa anapelekwa kwa boti.

Tahadhari moja ni ya lazima. Anayetembea kuelekea mwambani avae viatu vya mpira, maana kuna viumbe wenye miiba, na aanze kurudi kabla maji hayajageuka. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma ya mtu, upande wa ufukweni. Watoto wasiachwe waende huko peke yao.

Upepo, mvua na msimu wa bei

Kisiwani kuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na ndiyo miezi ya joto kali. Kusi huanza kama Aprili na kuendelea hadi Septemba, na Juni hadi Agosti hali ya hewa huwa ya baridi kidogo na kavu.

Kusi hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki na kusini mashariki. Huleta hewa safi usiku, lakini pia huleta majani ya bahari ufukweni na kufanya boti kutoka Dar kuyumba. Anayetapika kirahisi avuke asubuhi, au anywe dawa kabla ya kupanda.

Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili mara nyingi ndiyo huwa na mvua nzito. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa matengenezo, na zilizobaki hushusha bei. Vuli, kama Oktoba mwishoni hadi Desemba mwanzoni, mara nyingi ni manyunyu yanayopita. Mwenye bajeti ndogo anaweza kupata bei poa sana Novemba bila kulowa siku zote.

Bei hupanda Julai na Agosti, na tena kuanzia kama Desemba 20 hadi baada ya mwaka mpya. Februari, tamasha la Sauti za Busara hujaza vyumba vya Mji Mkongwe. Anayetaka kwenda siku hizo abuku mapema.

Ramadhani nayo huangaliwa. Mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Hoteli za ufukweni huendelea kuhudumia wageni wao. Kila mwaka mwezi huo husogea nyuma kama siku 11, hivyo tarehe za mwaka jana hazisaidii.

Kufika ni nusu ya safari

Kutoka Dar es Salaam, boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Ndege ni kama dakika 20 angani. Mtanzania hahitaji pasipoti, lakini abebe kitambulisho, na jina la kwenye tiketi lifanane nacho. Wageni kutoka nje ya nchi wana sharti jingine: tangu Oktoba 1, 2024 Zanzibar inataka wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44. Aliye na mgeni wa kigeni kwenye msafara amalize jambo hilo mtandaoni kabla ya safari.

Kosa la kawaida ni kuhesabu gharama hadi bandarini tu. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, na Paje ni kama 50. Teksi kwenda na kurudi inaweza kugharimu sawa na usiku mzima wa gesti. Daladala zipo, kama 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani, na ni rahisi sana, ila hujaa, husimama kila mahali na usiku si za kutegemea. Anayefika na boti ya jioni akiwa na watoto na mabegi ni bora alale mjini, aondoke asubuhi.

Bandarini kuna mapapasi, vijana wanaomkimbilia mgeni wakimwambia hoteli yake imejaa au imefungwa, halafu wanampeleka kwingine ambako wanalipwa kamisheni. Dawa ni kuwa na namba ya simu ya hoteli na kuipigia palepale.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali chumba

Picha haijibu haya. Simu moja inajibu yote:

• Maji yakipwa, mtu anatembea umbali gani hadi sehemu ya kuogelea? Na je, kuna bwawa?
• Hoteli iko ufukweni, au ni dakika kadhaa kwa miguu? "Karibu na bahari" inaweza kuwa ng'ambo ya barabara kuu.
• Umeme ukikatika, jenereta inawasha feni na kiyoyozi, au taa tu?
• Maji ya bombani ni baridi, ya chumvi, au yana mgao?
• Chandarua kipo na hakijatoboka?
• Bei ni ya chumba au ya kila mtu? Kifungua kinywa kimo? Mtoto wa miaka sita analipiwa?
• Kodi zote zimo? Zanzibar hutoza kodi ya miundombinu kwa kila mgeni kwa kila usiku. Hoteli nyingine huiweka ndani ya bei, nyingine huidai mtu akiwa mapokezi.
• Msafiri akiahirisha, hela yake inarudi kiasi gani?

Baada ya simu, fungua ramani ya Google upande wa picha za setilaiti na uitafute hoteli. Mwamba huonekana kama mstari mweupe baharini. Ukiwa mbali sana na ufukwe, na katikati rangi ni ya mchanga mchanga, jibu la swali la kwanza limeshapatikana. Kisha soma maoni ya wageni wa miezi ya karibuni na tazama picha walizopiga wao wenyewe. Hizo ndizo hupigwa saa nne asubuhi.

Chumba kimoja, bei tatu

Hoteli nyingi za Zanzibar zina bei zaidi ya moja. Kuna ya kwenye programu kama Booking.com, kuna ya anayepiga simu moja kwa moja, na kuna ya wakazi, kwa Watanzania na mara nyingine kwa Waafrika Mashariki wote. Bei ya wakazi mara nyingi haiandikwi popote. Lazima iulizwe, na kitambulisho kionyeshwe mapokezi.

Bei ikitajwa kwa dola, ni vizuri kuuliza ni shilingi ngapi na kuandikiwa kabisa, ili siku ya kulipa mtu asikutane na kiwango kipya cha kubadilishia.

Chumba cha bei nafuu si lazima kiwe na gharama nafuu. Familia ya watu wanne ikilala mahali pasipo na mgahawa wala duka, ikachukua teksi kila ikitaka kula, mwisho wa siku tatu inaweza kuwa imetumia zaidi ya jirani aliyelipia chumba ghali kidogo katikati ya kijiji. Hesabu ya kweli ni chumba, chakula na usafiri kwa pamoja, kwa kila siku.

Kabla hela haijatoka

Hapa ndipo watu wanapigwa. Kurasa za Instagram na Facebook zenye picha zilizoibwa kwenye hoteli halisi hutangaza ofa ya siku tatu, usafiri na chakula, kwa bei ya kushangaza. Mteja anaambiwa nafasi zimebaki mbili, atume advansi leo. Namba ni ya mtu binafsi. Akifika Zanzibar, hoteli haina jina lake, au hoteli yenyewe haipo.

Dalili ni zilezile: haraka nyingi, bei ya chini kupita kiasi, jina la mtu binafsi kwenye muamala, na visingizio pale mteja anapoomba simu ya video.

Kinga yake haihitaji utaalamu. Namba ya hoteli ichukuliwe kwenye ramani ya Google au tovuti yake, si kwenye tangazo. Mapokezi waulizwe kama wanamtambua wakala huyo. Malipo yafanywe kwa lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara, na risiti iombwe. Kampuni za utalii na nyumba za wageni Zanzibar hutakiwa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii, kwa hiyo kuomba picha ya leseni si utovu wa adabu. Na advansi iwe sehemu tu ya malipo, salio likalipwe mapokezi baada ya kuona chumba.

Mfano: siku nne, mwezi mpevu

Familia ya Morogoro ina likizo ya siku nne, na kalenda inaonyesha mwezi mpevu. Wazazi wanataka watoto waogelee, bajeti ni ya kawaida.

Njia ya kwanza ni Nungwi upande wa magharibi, walipe zaidi kidogo, waogelee wakati wowote. Njia ya pili ni Jambiani kwa bei nafuu, wakipanga siku kwa kufuata maji. Asubuhi ya kwanza maji yakiwa yamepwa waende msitu wa Jozani, ulio njiani, kuona kima punju. Ya pili wakatazame mashamba ya mwani. Mchana warudi, wale, na kuanzia saa nane au saa tisa watoto waingie majini. Usiku wa mwisho walale Mji Mkongwe, wale Forodhani, asubuhi wapande boti.

Njia zote mbili ni nzuri. Wanaoumia ni wale waliolipia Jambiani wakidhani wamelipia Nungwi.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza "lipa", simu ifungue vitu vitatu: kalenda ya mwezi, jedwali la maji, na picha ya setilaiti ya ufukwe wenyewe. Ni kazi ya dakika kumi, na haina gharama zaidi ya bando.